Kimo cha Vinko

Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nimechoka na vimo vya watu. Nilikuwa muuguzi wa mradi wa chuo, mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, na kazi yangu ilikuwa ni hiyo tu: kumsimamisha mtu ukutani bila viatu, kumwambia anyooshe shingo, kushusha kibao mpaka kimguse utosini, kisha kumpa kichupa atemee mate. Magoti yangu yalikuwa yameshakataa ngazi, na huku kwetu Hercegovina kila nyumba ina ngazi, tena za mawe.

Watu wa milima hii ni warefu. Wanaume wanainama milangoni bila kufikiri. Chuo kilitaka kujua urefu huo umetoka wapi, na hasa kwa nini haulingani. Kwa nini ndani ya bonde moja, lenye maji yale yale na jibini ile ile, huyu aguse dari na yule asiguse. Ningeulizwa mimi ningesema ni maziwa na majaliwa ya Mungu. Lakini mkuu wa msafara wetu wa watu wawili alikuwa Daktari Tvrtko, na yeye hakuwa mtu wa kuridhika na majibu mafupi. Nyumbani alikuwa na mapacha wachanga. Alikuwa akiendesha gari huku macho mekundu, akila mayai ya kuchemsha, maganda akiyatupa kwenye kikombe changu cha chai.

Siku tuliyofika kijiji cha Gornji Prolaz tulisimama dukani kuuliza njia. Wanaume watatu walikuwa wamekaa nje na bia zao.

"Mnapanda kwa Mijo?" mmoja akauliza. "Basi na Barua mumpime. Yeye mtumie rula ya shule, hiyo fimbo yenu ndefu mtaichosha bure."

Wenzake wakacheka, si sana, kama watu wanaocheka utani walioucheka miaka mingi. Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa, maana nimezaliwa bonde la pili, na kisa hicho kilivuka mlima zamani.

Mijo alikuwa akifanya kazi Ujerumani, kwenye ujenzi, kama nusu ya wanaume wa wakati ule. Alikuwa akija Pasaka, akija mwezi wa nane, kisha akirudi. Mkewe Perka alibaki na watoto na mbuzi. Wana watatu wa kwanza walichipuka kama mierebi. Wa nne, Vinko, akachelewa. Watu wakangoja arefuke, hakurefuka. Na tarishi wa posta wa siku zile, Ćiro, aliyepanda hadi pale na barua za Ujerumani, alikuwa mtu mfupi. Haikuhitajika zaidi ya hapo. Mtoto akaitwa Barua kabla hajajua kusoma, na Mijo, aliporudi moja kwa moja, akaacha kumwita kwa jina lolote. Lakini Mijo hakumfukuza mkewe. Aliishi naye tu, kwenye nyumba moja, miaka arobaini na zaidi, akimwambia yale tu yasiyoweza kukwepeka: chumvi, mbuzi, mlango.

Vinko ndiye aliyetupokea langoni. Mimi ni mwanamke wa kimo cha kawaida cha huku, naye alinifikia sikioni. Mabega yake yalikuwa mapana na yameinama, na alikuwa na ile sura ya mtu anayelala vipande vipande.

"Karibuni, mama. Karibu daktari. Angalieni jiwe hilo, linacheza. Baba nimeshamwogesha."

Kaka zake wote watatu walikuwa Ujerumani na Austria. Mijo alipopigwa na kiharusi miaka michache nyuma, mkono na mguu wa kushoto vikafa ganzi, aliyebaki kumwinua alikuwa yule mfupi.

Mzee alikuwa kitini karibu na jiko, magoti yakiwa juu kama ya panzi. Hata akiwa amekaa alitutazama kama anatutazama kutoka juu. Perka alikuwa jikoni, amesimama wima mbele ya sufuria ya mboga, naye alikuwa mrefu, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Alitusalimia kwa kichwa.

"Wewe si binti wa Stipan wa bonde la pili?" Mijo akaniuliza.

"Ndiye mimi, mzee."

"Baba yako alikuwa mwizi wa karata."

"Ndivyo alivyosema yeye juu yako."

Akatabasamu upande mmoja wa mdomo, ule uliokuwa bado unafanya kazi.

Kumpima ilikuwa shughuli. Hakuweza kusimama peke yake. Vinko alipita nyuma yake, akamkamata chini ya kwapa, akamwinua, uso wake ukazama mgongoni mwa baba yake. Nilishusha kibao huku nikisikia Vinko akihema kule nyuma, haonekani.

"Usinibane hivyo, wee," mzee akasema.

Vinko alipomrudisha kitini, nikamwambia avue viatu, sasa ni zamu yake. Mijo akainua mkono mzima.

"Huyo mwacheni. Atawaharibia hesabu."

"Hesabu inamhitaji yeye hasa, mzee," alisema Daktari Tvrtko. "Tukipima warefu tu hatutajua kitu."

Vinko alisimama ukutani. Akatazama mbele, kama mwanajeshi. Kisha akatema mate kwenye kichupa, akakikaza kifuniko vizuri, akanipa.

Tulidhani tumemaliza. Nilikuwa tayari nikiwaza kiti cha gari. Lakini Mijo akamwambia mwanawe akalete kuni, ingawa kuni zilikuwepo, na mlango ulipofungwa akamgeukia daktari.

"Kijana. Mate yangu unayo, na yake unayo. Niambie ni wangu au si wangu."

Jikoni kijiko kiliacha kugonga sufuria.

"Siwezi, mzee. Vichupa havina majina, vina namba tu. Tulikubaliana hivyo na kila mtu aliyetupa mate yake. Hata wewe umesaini."

"Basi nyinyi ni wezi wa mate."

"Kipo kipimo cha vinasaba cha kazi hiyo, Mostar kinafanyika. Lakini ni nyinyi wawili mkubaliane, wewe na yeye. Si mimi."

"Sina haja ya Mostar. Macho ninayo. Nitazame mimi. Mtazame mama yake. Watazame hao wengine." Akaonyesha picha ukutani, vijana watatu mbele ya lori, vichwa vimekatwa na fremu kwa sababu ya urefu. "Mti wa mwaloni hauzai kichaka."

Niliona daktari akifumba macho kidogo. Kutoka pale hadi Mostar ni mwendo mrefu, na kule mapacha walikuwa wakimngoja. Angeweza kusema "pole, mzee" tukaondoka. Nilitamani aseme hivyo. Badala yake akavuta kiti.

"Karata unazo?"

"Nyumba gani haina karata?"

Zilikuwepo pakiti mbili za kuchezea briškula, zimechakaa, kingo zimekuwa laini kama kitambaa. Daktari akazichanganya zote, kisha akaanza kuchomoa zenye namba ndogo na kuziweka kando, lakini si zote; nyingine aliziacha.

"Urefu si kitu kimoja, mzee," alisema huku akichomoa. "Hakuna jeni moja ya urefu ambayo unayo au huna. Ziko nyingi mno, maelfu. Hii inaongeza upana wa unywele, ile inapunguza upana wa unywele. Kimo chako ni jumla yake, pamoja na ulichokula na ulivyougua ukiwa mdogo."

"Wangu wote wamekula sufuria moja."

"Ndiyo maana nimeomba karata. Sasa, hizi ndizo karata za milima hii. Kubwa zimejaa, ndogo ni chache. Kuna nchi nyingine zimejaa ndogo. Lakini hakuna nchi ambayo ndogo zimeisha kabisa." Akagawa rundo mara mbili. "Hizi zako. Hizi za mama Perka."

"Mimi sina ndogo," alisema Mijo.

"Unazo. Zimefunikwa na kubwa. Ukijumlisha unatoka mrefu, lakini zimo. Mtoto hapewi rundo lako lote, anapewa nusu. Na hakuna anayechagua nusu ipi. Zichanganye, gawa nusu bila kutazama. Dada Anđa atagawa za mama Perka."

Nikamtazama Perka mlangoni mwa jikoni, kama kumwomba ruhusa. Hakusema ndiyo wala hapana. Nikazichukua.

Tulianza. Mijo alichanganya karata zake mezani kwa mkono mmoja, polepole, kama anayekanda unga, kisha akahesabu nusu. Mimi nikatoa nusu yangu. Daktari akajumlisha. Jumla kubwa.

"Jure," alisema Mijo. Huyo ndiye mwanawe wa kwanza.

Tukazirudisha, tukachanganya tena. Jumla ya juu, si kama ile. Tena. Karibu na ya pili. Kila mara daktari aliandika jumla pembeni mwa gazeti. Zilikuwa zikipanda na kushuka kidogo, nyingi zikirundikana katikati. Vinko akarudi na kuni, akaona karata. Akaketi kando ya jiko na kufumba macho.

Tukaendelea. Jua liliacha dirisha moja likaingia la pili. Magoti yangu yalikuwa yananiuma hata nikiwa nimekaa. Mijo alikuwa ameanza kufurahi, furaha ile mbaya ya mtu anayeshinda.

"Unaona? Wote warefu. Karata zako mwenyewe zinakukana."

"Endelea tu," daktari akasema, lakini sauti yake ilikuwa imechoka, na nadhani hata yeye alikuwa anajiuliza kwa nini alikaa.

Sijui ilikuwa mara ya ngapi. Mijo aligawa, nami nikagawa, na daktari alipozifunua zikawa zinatoka ndogo, ndogo, mfalme mmoja, ndogo tena. Za mzee zilikuwa mbaya na zangu mbaya zaidi. Alijumlisha mara mbili. Ilikuwa chini ya zote, mbali chini.

Vinko alikuwa amefumbua macho.

"Huyo ndiye mimi?" akauliza.

Mijo alivuta zile karata kwake, akazigeuza moja moja, akatazama mgongo wa kila moja kama anayetafuta alama ya mdanganyifu. Alizichanganya mwenyewe. Aligawa mwenyewe. Alilijua hilo kuliko sote.

"Si jambo la kila siku," Daktari Tvrtko akasema. "Sikudanganyi. Warefu wawili wakizaa, watoto wao wengi wanatoka warefu. Lakini mmoja mmoja anashuka namna hii, bila kosa la mtu yeyote. Kila kijiji tulichopita tumemkuta."

"Basi anaweza kuwa wangu."

"Anaweza. Siku zote alikuwa anaweza."

"Lakini karata hazisemi ni wangu."

"Hazisemi. Zinasema tu kwamba kimo chake si ushahidi. Ulikuwa na ushahidi mwingine?"

Mzee alitazama dirishani. Mdomo wake uliokufa ulikuwa unatoa mate kidogo, na Vinko akainuka, akamfuta, akarudi kukaa. Alifanya hivyo bila kufikiri.

"Watu walisema," alisema Mijo.

"Kwa nini walisema?"

"Kwa sababu ni mfupi."

Daktari alianza kukusanya karata. Ndipo Perka akaja na kahawa, akaiweka mezani, vikombe vinne, akasimama.

"Nilikwambia mara moja," alimwambia mumewe. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anaeleza bei ya sabuni. "Ulipotoka Stuttgart. Nilikuwa nimempakata. Nilisema ni wako, na sikusema tena, kwa sababu mtu anayesema mara mbili anaonekana anaomba. Leo umeamini makaratasi ya kuchezea."

"Perka," mzee akasema.

"Kahawa itapoa."

Akatoka kwenda kwa mbuzi. Tulikunywa kahawa yetu. Njiani kurudi daktari hakula yai lolote. Tulipofika barabara ya lami akasema, "Sijui kama nilifanya vizuri." Nikamwambia hata mimi sijui, na kwamba apunguze mwendo.

Baridi ikaja, upepo wa bura ukang'oa vigae, tukapumzika kupanda milima. Mwezi wa nne maabara ikasema vichupa kadhaa vimeharibika, na kimoja kilikuwa cha nyumba ile. Daktari alikuwa ameambukizwa homa na mapacha wake, kwa hiyo nilipanda peke yangu.

Nilipopita dukani, yule wa rula alinisalimia akatazama chupa yake. Hakufanya utani. Baadaye nilijua sababu: Mijo alimfanya Vinko amteremshe kwa gari mpaka pale, akaletwa kwenye kiti mbele ya wanaume wote, akasema, "Huyu ni mwanangu Vinko. Atakayemwita jina jingine aniambie mimi." Kisha akalia, na hakuna aliyejua atazame wapi.

Nyumbani nilikuta vyombo havijaoshwa. Vinko alikuwa anamnyoa baba yake. Nilimwuliza mama yuko wapi.

"Ameondoka, mama Anđa. Kabla majani hayajaisha kudondoka. Yuko Čapljina kwa dada yake."

"Ameenda kutembea?"

"Ameondoka," akarudia.

Mijo aliyasikia yote, mapovu shavuni. "Mwambie mama yako alivyosema," alimwambia. "Mwambie, mwanangu."

"Watu wamechoka, baba, kuyasikia hayo. Na mimi pia."

Nilichukua mate niliyoyafuata. Vinko alinisindikiza hadi langoni, akawasha sigara, akaegemea ukuta wa mawe. Alisema asubuhi ile mama yake alikamua mbuzi kwanza, akachuja maziwa, akavaa koti la kanisani. Mzee alimsihi. Alimwomba msamaha kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mbele ya mwanawe. Perka alimsikiliza hadi mwisho. Akamwambia amemsamehe, hana kinyongo, kisha akabeba mkoba wake akateremka kwenda kungoja basi.

"Na kile kipimo cha Mostar?"

"Mzee alisema hakitaki tena. Nikamwambia mimi sikuwahi kukitaka." Alivuta moshi. "Nitakwambia ukweli, mama. Zamani alinichukia, lakini alinyamaza. Nilikuwa nafanya kazi yangu. Sasa ananiita usiku kucha. Vinko, mwanangu, umelala? Vinko, unakumbuka nilipokunyima baiskeli? Sikumbuki baiskeli yoyote. Nikimwambia sikumbuki, analia. Natamani siku moja tu alale."

"Ungewaambia kaka zako waje wakupokee kidogo."

"Wanasema mwezi wa nane." Akacheka kidogo. "Wamepiga simu kunipongeza. Jure alisema, sasa umekuwa ndugu yetu kamili. Nikakata."

Nilistaafu mwezi wa sita. Nilipewa saa ya ukutani na keki. Wiki iliyofuata nikapanda basi kwenda Čapljina, kwa sababu ya mambo mengine, ndivyo nilivyojiambia, lakini mfukoni nilikuwa na anwani aliyonipa Vinko.

Perka alikuwa kwenye ua mdogo nyuma ya nyumba ya dada yake, anatoa maharage mabichi kwenye maganda. Aliponiona hakushangaa. Akanisogezea bakuli, nami nikaanza kumsaidia.

"Sikuja kukusema, dada," nilimwambia. "Lakini nimekuwa nikiwaza. Ulivumilia yote yale, halafu siku ile anakuamini ndipo unaondoka."

"Ningeondoka lini?"

"Zamani. Ulipokuwa bado kijana."

"Ningeondoka zamani wangesema nini? Wangesema, haya, mmeona, aibu imemkimbiza. Na mtoto ningemwachia nini? Jina lile angekufa nalo." Alifungua ganda kwa ukucha. "Nilikaa ili niwe pale pale, wanione kila Jumapili kanisani, mgongo wima. Ilikuwa kazi, Anđa. Kazi kama ya mgodini. Siku ile ya karata nilisikia imekwisha, na nikajikuta sina nguvu hata ya kumwekea sahani."

"Vinko amechoka sana."

"Najua. Anakuja Jumapili moja moja. Nimemwambia aajiri mtu, au ampeleke baba yake kwenye nyumba ya wazee kule Ljubuški. Hataki. Huo ukaidi sijui kaupata kwa nani kati yetu." Akafungua ganda jingine. "Kwa wote wawili, labda. Daktari wako angesema amepewa nusu nusu."

Dada yake alikuwa anasikiliza redio ndani. Nilimwuliza kama hapo mjini hapati upweke.

"Nalala," alisema Perka. "Hujui nilivyokuwa silali. Na asubuhi naenda sokoni, hakuna anayenijua. Wanawake wa pale wananiuliza nina watoto wangapi. Nasema wanne, wavulana watupu. Wanasema, ah, heri yako. Basi, hawaulizi kingine. Naondoka na nyanya zangu."

Bakuli lilikuwa limejaa. Alitaka kuinuka, nikamtangulia, lakini magoti yangu yalikwama nusu ya safari, ikabidi anishike mkono anivute. Alikuwa bado na nguvu. Alinipa mfuko wa maharage kwa ajili ya Vinko, akaniambia nimweleze asiyachemshe mpaka yakapondeka, kama alivyozoea.